Mchanga Usiochimbwa

Makanisani kwetu Kolwezi watu husimama kushuhudia kuponywa, kupata kazi, kupata mtoto baada ya miaka mingi ya kungoja. Mimi nasimama kushuhudia jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa mimbarini: namna vilima vya mchanga vya nchi ya mbali vilivyobadilisha jinsi ninavyoitazama ardhi ya kwetu. Ni dereva wa lori la masafa marefu. Napeleka shaba bandarini na kurudi na mzigo mwingine. Nayasema haya kwa moyo wangu wote, maana naamini yanatuhusu sote tunaoishi juu ya madini.

Ili ushuhuda ueleweke, yafaa nianze na nilikotoka.

Kolwezi iko juu ya nyanda za Manika, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata shaba, na mji ukaifuata kampuni. Mali hizo zilipotaifishwa mwaka 1967 ikaja Gécamines, na ndiyo iliyomlea baba yangu: nyumba, hospitali, shule ya watoto, unga wa bukari. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, kampuni ikadhoofika, mishahara ikakauka. Vijana wakachukua koleo na mitaimbo wakaingia mashimoni kwa nguvu zao wenyewe; ndio hao tunaowaita kreseri. Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inatoka katika ardhi inayouzunguka mji wetu.

Ukizaliwa hapo, unajifunza mapema kuuliza swali moja kuhusu kila kipande cha ardhi: chini kuna nini? Wazee walijua kuusoma mmea mdogo wa maua ya zambarau unaostawi penye shaba, pale ambapo miti inakataa kuota. Vilima tulivyopanda utotoni vilikuwa mabaki ya mgodi. Mwaka 2014, mtaani Kasulo, kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu, na haukupita muda mashimo yakafika hadi ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya wakazi wakahamishwa na eneo likazungushiwa ukuta. Sisi tuliokuwa mitaa mingine tulitazama, kisha kila mmoja akageuka kuutazama ua wake.

Hata kwetu jambo hilo lilifika. Baba alipofariki, kiwanja chake kilibaki mikononi mwetu watoto. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kumpata mtu wa kutoa pesa za kuchimbia: pampu, kamba, chakula cha vijana, na mgawo wa mali ikipatikana. Walinisubiri mimi tu, kwa kuwa ni mkubwa. Siwalaumu. Watoto wanataka karo, na mfuko mmoja wa madini mazuri unalipa kuliko mwezi mzima wa kuuza sombe sokoni. Niliwaambia, "Ngojeni nirudi safari, tutaongea." Nikapakia shaba nikaondoka.

Njia ile madereva wengi wa kwetu wanaijua. Kutoka Kolwezi unapita Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi, halafu Kasumbalesa, ambako foleni ya malori inaweza kukulaza siku kadhaa. Zambia unapita miji yao ya shaba, Chingola, Kitwe, Ndola, unashuka Lusaka, unaelekea Livingstone hadi Sesheke. Hapo kuna daraja la Zambezi lililofunguliwa mwaka 2004, na ng'ambo yake ni Katima Mulilo, Namibia. Ndilo lililotufungulia sisi watu wa Katanga mlango wa Atlantiki kwa njia ya kusini. Kutoka Katima barabara inanyooka ndani ya hifadhi ya Bwabwata, ambako tembo wana haki ya kupita kwanza, kisha Rundu, Grootfontein, Usakos. Ukikaribia bahari, miti inakwisha, nyasi zinakwisha, na asubuhi ukungu mzito unafunika barabara ya jangwa ambalo mvua karibu hailijui. Mwisho wa safari ni bandari ya Walvis Bay. Kathodi za shaba zinapakuliwa kwenda melini. Lori linasubiri mzigo wa kurudi, mara salfa ya viwanda vya asidi, mara mitambo, mara samaki wa barafu wale wanaoliwa hadi vijijini kwetu.

Safari ninayoishuhudia, mzigo wa kurudi ulichelewa. Nilikuwa na mpwa wangu, ambaye ndiye konvoyeri wangu, yaani utingo, na dereva mwenzetu wa Ndola ambaye tunaelewana naye kwa Kibemba. Kwenye yadi kulikuwa na mzee wa Kiovambo, mlinzi wa zamani wa hifadhi, aliyestaafu na kufanya kazi ya kuongoza wageni siku za mwisho wa juma. Tulimwita tate, baba, kama wanavyoitwa watu wazima kule. Aliposikia tumekuja bandarini mara nyingi bila kuona kitu zaidi ya makontena, alisikitika. Alisema kwa Kiingereza, mwenzetu akatufasiria: "Mnapita nyumbani kwa watu kila mwezi na hamjawahi kukaribishwa ndani." Tukachanga pesa za mafuta, tukapanda gari lake dogo, tukaelekea hifadhi ya Namib-Naukluft.

Funzo la kwanza lilinipata kabla hatujafika kwenye mchanga. Tulikuwa tunakata uwanda wa changarawe, mtupu, tambarare hadi upeo wa macho. Mpwa wangu aliomba tusimame ajisaidie, nami nikamwambia tate atoe tu gari barabarani, kwani pana nafasi ya kutosha jeshi zima. Akakataa. Alisimama ukingoni mwa barabara, akatushusha, akatuonyesha mistari miwili iliyokwenda sambamba hadi ikapotea machoni. Alama za magurudumu. Alisema ziko pale tangu kabla hajaajiriwa. Uso wa jangwa lile una ganda jembamba, na juu ya vijiwe vyake wanaishi kuvumwani, viumbe wanaokua polepole mno kwa kunywa ukungu. Gurudumu likipita mara moja tu, jeraha linabaki miongo ya miaka. Akatueleza pia habari za ndege mdogo wa pwani ile anayetaga yai lake moja juu ya changarawe tupu, bila kiota cha kulificha. Dereva asiyejali analiponda bila hata kujua.

Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote ya utu uzima. Sijawahi kufikiri kuhusu kinachobaki nyuma ya gurudumu langu. Nilichuchumaa pale nikaitazama ile mistari muda mrefu, hadi mwenzetu akaniuliza kama naumwa.

Tulilala nje ya lango la Sesriem, maana lango linafunguliwa jua linapochomoza. Ndani, barabara ya lami inafuata bonde la mto mkavu wa Tsauchab, na vilima vinasimama kulia na kushoto. Vingine vinapita mita 300 kwenda juu. Picha nilikuwa nimeziona, lakini picha haikuambii kwamba asubuhi mchanga ule ni baridi miguuni, wala kwamba kila hatua mbili unazopanda unarudishwa moja. Tulipanda kile wanachokiita Duni 45, kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka langoni. Mgongo wa kilima ni mwembamba; upande mmoja una jua, upande wa pili bado usiku. Upepo ulikuwa unazifuta nyayo zetu nyuma yetu wakati bado tunapanda.

Juu kabisa tuliketi. Mpwa wangu, mtoto wa Kolwezi, akauliza swali letu: "Mujomba, chini ya huu mchanga kuna nini?"

Tate alipofasiriwa alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaizamisha kwenye mchanga, akaitoa. Ilikuwa imevaa chembe nyeusi, zimesimama wima. Chuma. Kisha akachukua ule mchanga mwekundu kiganjani akaeleza kwamba hata rangi yake ni chuma: kila punje imevikwa kutu nyembamba, na kadiri mchanga unavyokaa siku nyingi mbali na bahari, ndivyo wekundu wake unavyozidi. Nilitazama kilima kizima, na kingine, na kingine, hadi mwisho wa macho. Madini juu ya madini, na hakuna aliyekuja na koleo.

Nikamwuliza ni mali ya nani. Akasema ni mali ya Wanamibia wote, na waliomo tumboni pia. Akatueleza kuwa katiba yao ya mwaka 1990, waliyoiandika walipopata uhuru, inaiagiza serikali itunze viumbe na mazingira ya nchi kwa faida ya walio hai na watakaokuja. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000, na mwaka 2013 UNESCO iliiandika bahari ya mchanga iliyomo humo katika Urithi wa Dunia.

Mzee yule hakutudanganya kwamba nchi yake haina wachimbaji. Alitutajia mgodi wa urani wa Langer Heinrich, ambao uko ndani ya mipaka ya hifadhi hiyohiyo, na akasema jambo hilo linawagawanya watu. Alitueleza pia kuhusu Kolmanskop, kusini, karibu na Lüderitz. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi mchangani, na ukajengwa mji wa kitajiri wenye hospitali, ukumbi wa dansi na kiwanda cha barafu katikati ya jangwa. Almasi zilipopungua na nyingine kubwa zaidi kupatikana kwingine, watu waliondoka mmoja mmoja. Ilipofika mwaka 1956 hakuna aliyebaki. Leo mchanga umeingia milangoni na umejaa vyumbani hadi usawa wa madirisha. Ardhi iliyouzunguka, iliyofungwa kwa takriban miaka 100 kwa ajili ya almasi, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Hayo yalinichoma. Nilimwona baba yangu na kadi yake ya kampuni. Niliona mitaa ya wafanyakazi iliyojengwa kwa matofali mazuri, ikisubiri rangi ambayo haikuja tena.

Bado juu ya kilima, nilimwuliza mchanga wote ule ulitoka wapi. Alicheka kwa upole: "Umesafiri kuliko wewe, dereva." Unatoka bara, huko ndani kusini mwa Afrika. Mto Orange unaubeba hadi baharini, mkondo wa bahari unausukuma kaskazini kando ya pwani, mawimbi yanautupa nchi kavu, na upepo unaupandisha. Unaendelea kaskazini hadi unapokutana na mto Kuiseb, ambao unafurika mara chache tu, lakini unapofurika unausomba mchanga na kuuzuia usivuke. Ndani ya ukame huo wamo wenyeji. Yupo mende anayepanda kileleni asubuhi ya ukungu, anainamisha kichwa na kuinua mgongo, na umande unamteremkia hadi kinywani. Lipo tikiti la porini liitwalo nara, ambalo Watopnaar wanaoishi kando ya Kuiseb wamelila tangu enzi za mababu. Upo mmea wa welwitschia wenye majani mawili tu maisha yake yote, na maisha hayo yanaweza kupita miaka 1,000.

Pale ndipo badiliko lilipoanza, na sitaki kulipamba. Sikulia wala sikusikia sauti. Nilielewa tu kwamba nilikuwa nimekaa juu ya ardhi ambayo watu wameipenda kwa ajili ya kile kilicho juu yake, wakaiwekea sheria, wakaweka na mtu langoni kuilinda, na kwamba sijawahi kuona hivyo nyumbani kwangu. Niliomba palepale, macho wazi, nikimshukuru Muumba kwa kazi ambayo hakuitia bei.

Kama ushuhuda ungeishia hapo, ungekuwa habari ya msafiri aliyeona ya wengine. Lakini Mungu alikuwa na sehemu ya pili.

Niliporudi Kolwezi nilimsimulia mhandisi mmoja wa jiolojia, mwenyeji wetu, ambaye mtoto wake anasoma na wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Yaya, unafikiri unakanyaga nini kila siku?" Akanieleza kwamba Manika yetu imefunikwa na mchanga wa Kalahari. Si mchanga ule wa Namib, kila mmoja una njia yake. Huu wa Kalahari ni tandiko moja kubwa linaloanza karibu na mto Orange, Afrika Kusini, likapita Botswana, Namibia, Angola na Zambia, likatufikia sisi. Katika vipindi vya ukame wa kale, upepo uliucheza mchanga huo na kuujenga vilima. Mvua ziliporudi, miti na nyasi zikaushika. Baadhi ya sehemu zake za kaskazini ziko juu ya nyanda zetu za juu: Manika, Biano, Kundelungu. Zile nyasi za dilungu, mahali peupe pasipo miti mikubwa ambapo watu wa mjini wanaona hapana kitu, zinaishi juu ya mchanga huo.

Safari iliyofuata nilitazama kwa makini. Katikati ya Katima na Rundu nimepita mara nyingi nikiona barabara inapanda kidogo na kushuka kidogo, imezungukwa na miti. Vile vimigongo virefu ni vilima vya mchanga vya zamani, vimelala na kuota msitu. Lori langu lilikuwa likivipanda miaka yote hiyo.

Sasa niseme yaliyobadilika, kwa kuwa ushuhuda usio na matendo ni maneno tu.

Kiwanja cha baba hakikuchimbwa. Tulikaa kikao cha familia, nikawaeleza wadogo zangu niliyoyaona, nikawaeleza na hesabu: mali ya shimo inagawanywa siku moja, na baada ya hapo mama yetu angelala wapi? Haikuwa rahisi, na mdogo wangu mmoja alikaa muda mrefu bila kuniamkia. Leo pale uani kuna miembe, miparachichi na kivuli, na yeye ndiye anayemwagilia.

Barabarani, sipakii makala, yaani makaa ya miti, wala magogo. Madereva tunajua jinsi mifuko ya makala inavyojaza nafasi wazi ya lori, na jinsi mti wa mukula ulivyokatwa miaka ya 2010 na kusafirishwa kuelekea Uchina hadi ukawa adimu. Sikatai kwamba mwenzangu anayepakia ana njaa. Nasema tu kwamba mimi nimeacha, na kwamba oili chafu ya injini yangu inarudi gereji ndani ya ndoo, haimwagwi porini.

Na watoto wangu nimewapeleka. Kwanza karibu, nje ya mji, juu ya Manika, tukavua viatu tukatembea kwenye mchanga wa kwetu. Tukaenda ziwa Nzilo, ambako Lualaba umezuiwa na bwawa tangu miaka ya 1950. Baadaye, likizo, tukafika Kundelungu, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970, tukayaona maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Binti yangu aliuliza kwa nini shuleni hawajawahi kuambiwa. Sikuwa na jibu zuri. Upemba, hifadhi ya mwaka 1939, ina pundamilia wa mwisho waliobaki katika Congo nzima, na askari wake wamekufa wakiilinda. Watoto wa Kolwezi wanaweza kukutajia kampuni za madini kwa majina na bendera za wenye mali, lakini wengi wao hawajui kwamba pundamilia hao wapo.

Sisemi tufunge migodi. Mimi mwenyewe nakula kwa shaba, na shaba ndiyo iliyonifikisha nilikobadilishwa. Sheria yetu ya madini ya mwaka 2018 imegawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali pa mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo waliotunga sheria walijua kwamba kuna watu wanaokuja baada yetu. Lakini mtoto hawezi kurithi fedha peke yake. Anahitaji pia mahali ambapo atasimama aone nchi yake ilivyokuwa kabla ya shimo la kwanza.

Wazazi wenzangu, msingoje mtoto awe dereva ndipo auone mchanga. Mpelekeni Jumapili baada ya ibada, mkamweleze ulikotoka. Nanyi viongozi wa jimbo la Lualaba, machifu wenye ardhi na wakubwa wa kampuni, nawaomba kwa heshima: chagueni kipande kimoja cha Manika, chenye mchanga wake wa Kalahari na nyasi zake za dilungu, mkiandikie sheria, mweke mlinzi anayelipwa mshahara, na kila darasa la shule ya msingi la Kolwezi lifikishwe hapo angalau mara moja.